Mbele ya kulipa minervali, enda kwanza uulize wenye kazi

Matokeo ya egzamen deta yakitoka, mitaa inajaa poda. Vijana wanamwagiwa nyeupe kichwani, moto zinapiga honi, nyumbani watu wanaimba. Kisha siku chache, swali linafika: "Sasa utasoma nini?" Mara nyingi jibu linatoka kwa mjomba, kwa rafiki wa darasa, ao kwa jina la fakilte lenye kusikika vizuri. Wazazi wanauza shamba ao ng'ombe. Miaka 3 ya lisansi inapita, na kijana anajua kazi ile namna iko siku anapoanza kuitafuta. Hapo shamba halirudi tena.

Kuna njia ya kujua mapema, na haiombi pesa nyingi. Ni kwenda kuongea na mtu mwenye kufanya kazi hiyo, si kumuomba kazi, ila kumuomba maelezo. Dakika 20 zinatosha.

Nani wa kuuliza?

Usianze na mkubwa wa ofisi. Tafuta mtu aliyeanza kazi miaka michache iliyopita, maana bado anakumbuka njia aliyopitia. Pitia kwa watu unaojua: mwalimu wako wa zamani, majirani, watu wa kanisa ao wa msikiti, wateja wa mama sokoni. Kwa kazi za ufundi, unaweza pia kuuliza kwenye INPP, kule vijana wanajifunza kazi za mikono. Ongea na watu 3 kwa uchache. Mmoja peke yake anaweza kuwa na bahati sana, ao uchungu sana.

Namna ya kuomba

Sema wazi, kwa heshima: "Jambo papa. Jirani yetu ndiye alinipa namba yako. Nimemaliza sekondari, niko nawaza kusoma mambo ya umeme. Siombi kazi wala pesa. Naomba tu dakika 20 unielezee kazi yako namna iko. Siku gani ingekufaa?"

Maswali ya kubeba

- Siku yako ya kazi inaanza namna gani, inaisha namna gani?
- Kisha kupata diploma, ulingoja muda gani mpaka mshahara wa kwanza?
- Kitu gani haukujua mbele ya kuanza?
- Ungekuwa na miaka yangu leo, ungechagua kazi hii tena?

Usiulize "Unapata ngapi?" Ni haya. Uliza: "Mtu mwenye kuanza kazi hii hapa mjini anaweza kupata ngapi?" Atakujibu bila shida.

Wanakuambia nini?

Mambo ambayo hayaandikwe kwenye mlango wa chuo. Mwalimu atakuelezea maana ya "N.U.": unafundisha kila siku, lakini serikali haijakuingiza bado kwenye liste ya kulipwa. Avoka atakuambia kwamba kisha masomo ya sheria, kuna staji ya miaka 2 kwenye baro. Muuguzi atakuonyesha tofauti kati ya A2 ya sekondari na A1 ya chuo. Na yule aliyesomea mambo ya benki Goma atakukumbusha kwamba mwanzoni mwa 2025 benki zilifunga milango.

Hakuna hata mmoja kati yao anayesema "usisome." Wanakuambia ujiandae kwa nini.

Angalisho

Kutana na mtu mchana, pahali pake pa kazi ao pahali penye watu. Dada, enda na mwenzako, na uambie mtu wa nyumbani kule unaenda. Mtu akikuomba pesa, ao kukuita usiku ao kwenye oteli ili "akusaidie", ondoka. Huyo hana maelezo ya kukupa.

Ukirudi nyumbani, andika yote kwenye kaye siku hiyo hiyo. Tuma mesaji ya aksanti, na siku utakapoamua, umjulishe. Watu wanapenda kujua mashauri yao yalizaa nini.

Kisha kaa na wazazi, fungua kaye, muisome pamoja mbele ya shamba kuuzwa. Pengine mtauza. Lakini mtauza mkijua kitu mnanunua.