Mbwa wako alichanjwa lini? Sindano moja haimlindi maisha yote

Ukimuuliza mtu kama mbwa wake ana chanjo ya kichaa, jibu huja haraka: "Alishachomwa." Ukimuuliza lini, wengi hukwama. Lakini tarehe hiyo ndiyo inayoonyesha kama mbwa bado ana kinga.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Kinga inakujaje?

Chanjo ya mbwa kwa kawaida huwa na virusi vilivyouawa, hivyo haiwezi kumpa ugonjwa. Inaufundisha mwili wake kutengeneza askari wa kupambana na virusi halisi.

Kazi hiyo haiishi siku moja. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji karibu wiki nne kabla ya kuhesabiwa kuwa amekingwa.

Baadaye askari hao hupungua, ndiyo maana chanjo hurudiwa. Kwa kawaida mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudia baada ya mwaka mmoja, kisha kila mwaka au kila miaka mitatu. Hilo hutegemea aina ya chanjo na sheria za nchi.

Kwenye kampeni za chanjo, hata watoto wa mbwa wadogo zaidi huchanjwa. Hao ni muhimu warudie, kwa sababu kinga waliyopewa na mama yao inaweza kupunguza nguvu ya sindano ya kwanza.

Somo kutoka Pemba

Wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wote katika eneo wawe wamechanjwa. Hapo virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuambukiza na mlipuko hufa wenyewe.

Pemba inaonyesha hilo. Ugonjwa ulitoweka kisiwani humo mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016 baada ya kuingizwa kutoka Tanzania Bara. Chanjo ilipofanyika upya kisiwa kizima, ulimalizwa tena mwaka 2018.

Shida ni kwamba mbwa huzaliwa na kufa haraka. Eneo lililofikia asilimia 70 mwaka huu linaweza kushuka mwakani, kwa sababu tu watoto waliozaliwa baada ya kampeni hawajachanjwa.

Makosa ya wenye mbwa

"Mbwa wangu hatoki nje." Geti likiachwa wazi dakika moja, mbwa koko mgonjwa anaweza kuingia na kumng'ata.

"Nilinunua chanjo nikamchoma mwenyewe." Chanjo hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto njiani inaweza kuharibika, na kwa macho huwezi kujua.

"Kadi imepotea, lakini nakumbuka." Bila kadi, daktari wa mifugo hana uhakika. Piga picha ya kadi na uihifadhi kwenye simu.

Akimng'ata mtu?

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, mafuta wala dawa za majani.

Nenda hata kama mwenye mbwa anaapa kuwa amechanjwa. Mbwa asiuawe ovyo: afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi mateni wakati alipong'ata.

Kwa sasa, angalia kadi ya mbwa wako. Kama tarehe ya kurudia imepita, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii.