Udongo wa Lemera na Samaki wa Mawe

Mkulima wa Lemera, alimaye mihogo na maharagwe katika miteremko ya Ufuliru, aghalabu hajihesabu miongoni mwa watu wa ziwa, kwani Tanganyika iko mbali chini yake, kule unakokoma uwanda wa Ruzizi. Walakini mvua za masika zikokotapo udongo wa shamba lake na kuutia vijitoni, navyo vijito vikaufikisha Ruzizi, na Ruzizi ikaumimina ziwani, huwa amekwisha kuingia, pasi na kukusudia, katika maisha ya samaki ambao huenda asiwaone kamwe.

Ziwa hili, ambalo kina chake hufika mita 1,470 na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, limejaaliwa samaki wa jamii ya sikilidi wapatao aina 250, ambao takriban wote hawapatikani pengine popote duniani. Wengi wao hawaishi katika maji makuu ya ndagala na mikeke, bali hushikamana na mawe ya pwani. Mmoja wao, Tropheus duboisi, alielezwa kitaalamu mwaka 1959 na Georges Marlier, Mbelgiji aliyefanya utafiti wake katika kituo cha Uvira. Kinda lake ni jeusi lenye madoadoa meupe; akikua, madoadoa hufutika, kichwa kikageuka buluu na mwilini ukabaki mkanda mmoja mpana. Chakula chake ni ukoga wa mwani anaoukwangua juu ya jiwe kwa meno yake, na jike hutaga mayai machache mno, huyafumbata kinywani, wala hawaachilii wanawe mpaka wawe wameweza kuogelea wenyewe.

Sasa tope likifika hapo, madhara yake ni ya namna tatu: hufunika ukoga, huzuia mwanga wa jua unaouotesha, na huziba nyufa ambamo samaki wadogo hujificha. Andrew Cohen na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, walibaini kwamba pwani zilizolemewa na udongo zina aina chache za viumbe kuliko zile ambazo milima yake ingali na miti. Na kwa kuwa samaki wa mawe huogopa kuvuka eneo pana la mchanga, kila kipande cha pwani hulea kizazi chake chenye rangi zake makhsusi. Basi mawe ya mahali pamoja yakizikwa, hakuna jirani atakayekuja kurithi na kufufua kilichopotea.

Si haki, hata hivyo, kumtwika mtu wa Lemera mzigo wote. Udongo mzito wa Ruzizi hutua karibu na mlango wa mto, na ule laini ndio unaochukuliwa na mikondo. Mawe yaliyo kusini ya Uvira hudhurika zaidi kwa mito mifupi inayoporomoka moja kwa moja kutoka milimani, kama ule Mulongwe uliofurika mwezi Aprili 2020 ukaleta maafa mjini. Lakini sababu ni ile ile: mlima uliovuliwa miti hauwezi kuyazuia maji yake.

Mkataba wa ziwa, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, umeitaja hatari ya udongo sawa na ya uvuvi. Ila kilicho chepesi kusimamia ni nyavu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, jambo lenye manufaa kwa ndagala, ambaye maisha yake ni mafupi na huzaa kwa wingi. Kwa samaki wa mawe, mapumziko hayo hayatoshi, maadamu tope halijui msimu wa kufunga.

Dawa yake iko kwa mkulima: kuchimba mitaro inayokingama na mteremko, kuotesha majani ya mifugo kandokando yake, na kuacha miti katika kingo za vijito, na huko chini, kuyahifadhi matete ya mlango wa Ruzizi, ambayo huyachuja maji kabla hayajaingia ziwani. Faida ya kwanza ataipata mkulima mwenyewe, kwa kuwa udongo unaoua samaki ndio ule ule wenye rutuba alioukosa shambani. Kwa hiyo wanaotaka kulihifadhi ziwa na waanze kumsaidia mkulima wa mlimani kwa miche na majembe, kabla ya kuongeza doria majini.