Presha Haipigi Hodi: Tafiti Zinatufundisha Nini Kuhusu Moyo na Mishipa ya Damu

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu husababisha vifo vingi duniani kuliko kundi jingine lolote la maradhi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 17.9 walipoteza maisha kutokana nayo. Miongoni mwake ni mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kufanya kazi na kiharusi. Chanzo kikuu cha mengi kati ya hayo ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la presha.

Moyo husukuma damu katika mishipa kama pampu inavyosukuma maji katika mabomba. Nguvu hiyo inapozidi kwa miaka mingi, kuta za mishipa hukakamaa na kuchakaa. Mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka, mtu hupatwa na kiharusi. Moyo nao hutanuka na kuchoka, na figo hupoteza uwezo wa kuchuja damu. Haya yote hutokea kimyakimya: mwenye presha anaweza kulima, kufanya biashara na kulala vizuri bila kuhisi lolote.

Zamani madaktari wengi waliamini kuwa presha kupanda uzeeni ni jambo la kawaida. Mwaka 1948 watafiti nchini Marekani walianza kuwafuatilia wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, wakiwapima kila baada ya muda kwa miaka mingi. Ilidhihirika kuwa presha ya juu, uvutaji wa sigara na wingi wa lehemu katika damu humweka mtu hatarini muda mrefu kabla hajaugua.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1990, uchunguzi uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na Hai, Kilimanjaro, ulibaini kuwa kati ya kila watu 100 wenye presha, wasiofika 20 ndio waliojua hali yao. Takriban 10 walikuwa wakitumia dawa, na hakufika hata mmoja ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Utafiti mwingine, wa kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Kwa mwaka, katika kila watu 100,000, walikuwa takriban 109 Hai na 316 Dar es Salaam, baada ya tofauti za umri kuzingatiwa. Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu wananchi walikubali kuhesabiwa, kupimwa na kutoa taarifa za wagonjwa wao.

Mtu anapoanguka ghafla na upande mmoja wa mwili kupooza, zipo familia zinazodhani amerogwa au amepatwa na upepo mbaya, zikapoteza siku nzima kutafuta tiba kwingine. Dalili za kiharusi ni uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu na maneno kutamkwa kwa shida. Mgonjwa huyo afikishwe hospitali mara moja, kwa kuwa kadiri muda unavyopita ndivyo sehemu kubwa zaidi ya ubongo inavyoharibika.

Kupima presha ni kazi ya dakika chache na hakuumizi. Vipimo vinavyorudia kufikia 140/90 au zaidi huhitaji ushauri wa mtaalamu wa afya. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri au kipimo kimeshuka. Mara nyingi kimeshuka kwa sababu dawa zinafanya kazi. Anayepata maudhi ya dawa arudi kituoni abadilishiwe, asikatishe tiba mwenyewe.

Chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyomo tayari katika vyakula vya viwandani. Kutembea, kula mboga na matunda, kupunguza pombe na kuacha tumbaku huulinda moyo.

Wananchi wote wenye umri wa utu uzima wanahimizwa kupima presha katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nao, hata kama hawaumwi. Presha haipigi hodi. Ni vyema kila kaya iitafute kabla haijaingia.