Bisheni Hodi kwa Wasan

Leo nawapeleka Jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, kwa Wasan, wawindaji wa tangu na tangu.

Mwindaji wa Kisan huweza kufuata nyayo za mnyama kutwa nzima bila chakula. Akiukuta njiani mmea uitwao hoodia, hukata kipande, akakwangua miiba, akatafuna. Mchungu huo! Lakini, kwa masimulizi yao, njaa hutulia, naye akasonga mbele. Maarifa hayo mzee alimrithisha kijana, kizazi baada ya kizazi.

Wataalamu wa CSIR, shirika la utafiti la Afrika Kusini, wakapata habari za mmea huo, wakauchunguza maabarani. Katikati ya miaka ya 1990 wakachukua hataza, yaani hati ya kisheria inayosema: ugunduzi huu ni wetu, anayetaka kuutumia atulipe. Kampuni moja ya Uingereza ikanunua haki ya kuutumia kutengeneza dawa ya kupunguza unene. Wasan hawakuambiwa neno. Mwaka 2001 mkuu wa kampuni hiyo alinukuliwa gazetini akisema wenye maarifa hayo wameshatoweka. Wametoweka wapi, nao wapo, kama laki moja? Wakatafuta wanasheria, na mwaka 2003 wakatia saini mkataba wa kupewa asilimia 6 ya mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza, utakaoingia CSIR. Fedha za maana hazikuja, kwani dawa yenyewe haikufika sokoni.

Hapo mtasema, kosa lilikuwa kutoomba ruhusa. Basi sikilizeni kisa cha pili, nacho ni kigumu zaidi.

Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya wazee wanne wa Kisan wa Namibia, pamoja na vya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Safari hii watafiti walikuwa na vibali vya kamati za maadili za vyuo vikuu, zile zinazokagua utafiti kabla haujaanza na zenye uwezo wa kuuzuia. Wazee nao walikubali, kila mmoja kwa nafsi yake. Hata hivyo viongozi wa Wasan walikasirika. Mbona?

Kamati nyingi huuliza: je, mwenye mwili ameridhia? Akiridhia, suala la ruhusa limekwisha. Lakini vinasaba vya babu vinamhusu shangazi, binamu, hata mtoto ambaye hajazaliwa. Vikichapishwa, siri ya ukoo mzima iko hadharani, na ukoo haukuulizwa. Mimi nawaunga mkono viongozi wale: kibali cha chuo kikuu cha mbali hakiwezi kushika nafasi ya kikao cha wenye jambo.

Andries Steenkamp, kiongozi wao aliyefariki mwaka 2016, aliwataka watafiti wapite mlangoni, wasiingilie dirishani. Machi 2017, mjini Cape Town, Wasan wa Afrika Kusini wakatangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti. Zinadai heshima, ukweli, haki, kujaliana na kufuata utaratibu. Mtafiti apeleke mpango wake kwanza kwenye Baraza la Wasan, aueleze kwa maneno yanayoeleweka, aombe kabla ya kumpiga mtu picha, kisha arudi kuwaambia amegundua nini. Mtafiti atakayevunja ahadi, Wasan wanaweza kukataa kushirikiana naye tena, na chuo chake vilevile.