Fundi Hodari, Vipimo Vibaya: Seli Inavyokabili Makosa



Apitaye Kariakoo kuelekea Mtaa wa Uhuru huwaona mafundi cherehani kwenye vibaraza vya maduka ya vitambaa. Fundi hodari akikosea mshono, huufumua akashona upya. Lakini je, vipimo vikiwa vimeandikwa vibaya tangu mwanzo? Atashona kwa uangalifu wote, na bado kanzu haitamtosha mwenyewe. Mfano huu utatusaidia kuelewa jambo linalotokea ndani ya miili yetu.

Mwili umejengwa kwa seli, na kazi nyingi za seli hufanywa na protini. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vya aina 20, vinavyopangwa kwa kufuata maagizo ya vinasaba. Kiwanda kinachovipanga huitwa ribosomu. Nacho hukosea, ingawa kwa nadra: kiasi cha kipande kimoja katika kila vipande elfu kadhaa.

Seli huyakabili makosa hayo kwa hatua tatu. Kwanza, vimeng'enya hukagua kila kipande kabla hakijapachikwa, na kisicho chake huondolewa. Pili, ziko protini zinazousaidia mnyororo mpya kujikunja katika umbo lake sahihi. Tatu, protini iliyoshindikana hutiwa alama iitwayo ubikwitini, ikapelekwa kukatwakatwa, na vipande vyake vikatumika tena. Kwa kugundua kazi ya alama hiyo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Kwa nini basi, pamoja na ulinzi wote huo, kuna ugonjwa wa selimundu, yaani siko seli? Kwa sababu hapo kosa limo katika vipimo vyenyewe. Herufi moja ya jeni imebadilika, na kipande cha 6 kati ya 146 katika mnyororo wa beta wa hemoglobini kimekuwa kingine. Ribosomu husoma sawasawa kilichoandikwa, na wakaguzi hawaoni kosa. Hemoglobini hiyo ikishatoa oksijeni hushikamana, seli nyekundu ikapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo huja maumivu makali. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20 tu, na damu hupungua.

Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja tu ya aina hii hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu imeenea kwetu. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, hapa hapa Upanga, mpango maalumu wa wagonjwa hawa ulianza mwaka 2004.

Basi huu si uchawi, si laana ya ukoo, wala si kosa la mama. Mtoto huugua anaporithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Tunawausia vijana wanaokusudia kuoa na kuolewa wapime damu mapema. Na mwanafunzi mwenzetu mwenye ugonjwa huu akikosa darasa, tusimwite mvivu. Tumtembelee, tumnakilie na masomo yaliyompita.