Kabla ya Kuongeza Soketi, Ipime Pete

Malalamiko huanzia jikoni. Nyumba iliyojengwa miaka thelathini iliyopita ilipewa soketi moja ya friji na nyingine ya birika, ikaonekana imetosha. Leo ukuta uleule unadaiwa friji, birika, blenda, maikrowevu na jiko la sahani moja, huku simu zikisubiri zamu ya kuchajiwa. Inanunuliwa ekstensheni, halafu ekstensheni ya pili inachomekwa kwenye ile ya kwanza, mpaka siku mwenye nyumba anapoita fundi na kumwonyesha kwa kidole: niongezee soketi hapa, na pale. Ni kazi ya nusu siku. Lakini uzito wake unategemea waya uliozikwa ukutani umepita wapi, na katika nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda waya huo umezunguka nyumba kama pete na kurudi ulikotoka.

Mfumo huu ulizaliwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 iliundwa kamati ya kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa vita vikiisha. Mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa Caroline Haslett, aliyekuwa ameongoza chama cha wanawake wa sekta ya umeme tangu 1924. Ripoti ilitoka mwaka 1944. Shaba ilikuwa adimu, na kila familia ilitarajiwa kuhitaji soketi nyingi kuliko zamani. Jibu likawa waya mmoja unaotoka kwenye fyuzi ya ampea 30, unaopita soketi moja baada ya nyingine, kisha unarudi kwenye fyuzi ileile. Plagi ya miguu mitatu ya bapa, iliyowekewa kiwango cha BS 1363 mwaka 1947, ilibuniwa kuendana na pete hiyo. Ndiyo iliyofika Afrika Mashariki, Oman na nchi kadhaa za Ghuba.

Nguvu ya pete ni kuwa na njia mbili. Birika likiwashwa, mkondo unalifikia kutoka pande zote mbili, na njia fupi, kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo, inabeba sehemu kubwa zaidi. Chukua pete ya mita 50. Soketi iliyo katikati kabisa inapata nusu ya mkondo kila upande. Iliyo mita 10 kutoka kwenye bodi ya fyuzi inapata asilimia 80 kupitia upande mfupi. Jiko likiwa jirani na bodi, vyombo vizito vyote vikawa huko, upande mmoja wa pete unachoka huku mwingine umelala.

Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ukiwa peke yake, unabeba salama takriban ampea 20 hadi 27 kutegemea ulivyolazwa. Breka inayoulinda siku hizi ni ya ampea 32. Hesabu hiyo inakubalika kwa sababu tu njia ni mbili, na hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya kazi ya kuongeza soketi.

Tuseme fundi amefungua soketi ya sebuleni, akachomoa nyaya mbili, akarudisha moja vizuri na nyingine akaikaza nusunusu. Wiki ya pili imechomoka. Taa ya testa inawaka kila soketi, friji linanguruma, televisheni inaonyesha, fundi ameshalipwa. Hakuna dalili yoyote. Ila sasa mkondo wa ampea 26 uliokuwa ukigawanyika 13 kwa 13 unapita wote upande mmoja. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne: kila mita ya waya iliyokuwa ikitoa wati 1.25 inatoa wati 5, na waya wa nyutro ulio pembeni yake unatoa kiasi hichohicho. Breka ya ampea 32 haioni kosa lolote. Plastiki inayofunika waya, iliyotengenezwa kustahimili nyuzi 70 za Selsiasi, inaanza kukauka ndani ya plasta.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni soketi mpya itaunganishwa vipi. Njia bora ni kuiingiza ndani ya pete yenyewe: pete inafunguliwa, inarefushwa, inafungwa tena. Njia ya pili ni tawi, yaani waya unaotoka nyuma ya soketi iliyopo kwenda kwenye soketi mpya. Tawi lisilo na fyuzi yake linaruhusiwa kulisha soketi moja tu, ya tundu moja au pacha. Zikitakiwa zaidi, tawi lipitie kwenye fyuzi ya ampea 13.

Tatizo ni matawi yaliyozaa matawi. Ukifungua uso wa soketi, kwenye skrubu ya laini utakuta nyaya. Ukiwa mmoja, hapo ni mwisho wa tawi, na kuongeza kitu ni mwiko. Zikiwa tatu, tawi limeshatoka hapo. Zikiwa mbili, wengi hufurahi wakidhani wameipata pete, kumbe inawezekana ni tawi ambalo mtu wa kabla yao alilirefusha kimyakimya.

Kuna jingine linalohusu kila anayechomeka kitu. Kwa kuwa pete nzima inalindwa kwa ampea 30 au 32, waya mwembamba wa redio au taa ungeteketea zamani breka haijashtuka. Ndiyo sababu kila plagi ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi yake ndani. Anayechokonoa tundu la juu kwa kalamu ili kuingiza plagi ya miguu miwili anafungua vifuniko vilivyowekwa kuwakinga watoto, na anaunganisha chombo kisicho na fyuzi kwenye pete inayoweza kumwaga ampea zote hizo. Anayefunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara anafanya vilevile. Mazoea haya yameenea mno, na yanastahili kukemewa bila kuona haya.

Kabla ya kufunga chochote, fundi mwenye leseni huzima umeme, huhakikisha haupo, kisha huchomoa ncha za pete kwenye bodi na kuzipima kwa mita. Pete ya mita 50 ya waya wa 2.5 inapaswa kusoma takriban omu 0.37 kutoka ncha hadi ncha kwa laini, na vivyo hivyo kwa nyutro. Mita isiposoma, pete imekatika. Baada ya hapo huunganisha ncha ya laini inayotoka na ncha ya nyutro inayorudi, na zile mbili zilizobaki vilevile, kisha hupita soketi moja moja. Zilizo ndani ya pete zote zitasoma karibu sawa, omu 0.185 hivi. Soketi inayotoa namba kubwa kuliko wenzake iko kwenye tawi, au ina skrubu iliyolegea, na hiyo ndiyo ya kufunguliwa kwanza.