BLUETOOTH IKIGOMA, TUFANYE NINI?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Tawi la chama hapa Kampala lenye kompyuta ya zamani linaweza kutumia ada za wanachama kununua mpya, au kuweka Linux, mfumo usiolipiwa, unaojengwa kwa pamoja na watu wa nchi nyingi tangu 1991.

Wengine husita kwa sababu ya Bluetooth, yaani redio ndogo inayounganisha kompyuta na spika ya mkutano bila waya. Katika Linux kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo BlueZ, tangu 2001. Lakini kifaa chenyewe cha redio nacho huhitaji programu yake kutoka kiwandani. Kiwanda kikificha maelezo, mafundi wa Linux hubahatisha.

Manung'uniko hayatengenezi mashine. Kwanza tuijaribu Linux kwa flashi, bila kufuta chochote kwenye kompyuta. Bluetooth ikigoma, tuandike aina ya kompyuta, jina la kifaa, toleo la Linux na kilichotokea, kisha tuwapelekee mafundi hao. Fundi hatengenezi hitilafu asiyoelezwa, na ada zetu ni jasho letu.